Huku Bado Jumapili

Areora, Atiu
Alhamisi, 6 Juni

Mama Tepaeru,

Salamu sina. Nitazitoa wapi, na moyo umenivimba kama andazi? Simu yangu iko wapi?

Nimefungua begi jana mbele ya mama na mbele ya binamu zangu wote waliokuja kunipokea. Nimekunjua zile soksi nene za kazini nilimoificha. Nimekuta pakiti ya biskuti ngumu. Biskuti, Tereapii! Mama alicheka mpaka akakaa chini, nikajua hapo hapo kwamba mmekula njama, wewe na yeye.

Najua utasema tulikubaliana. Ni kweli, nilisema nitaiacha. Lakini mtu husema mengi mkewe akiwa amesimama mlangoni mikono kiunoni. Malori yote ya kaskazini yananitegemea mimi. Semisi anayenishikia nafasi ni kijana mzuri, lakini hajui dereva gani hapatani na nani, wala nani hapewi zamu ya Jumatano kwa sababu ya mtoto wake mgonjwa. Na Murray, bosi wangu, aliniambia kwa kinywa chake kwamba mwezi huu ndio wanamchagua mkuu wa usafirishaji. Mwezi huu! Na mimi niko hapa kisiwani naangalia kuku.

Utashangaa kwa nini nakuandikia barua kama mmisionari. Sikia aibu yangu. Simu ya ukutani ya mama, kaing'oa waya kauficha. Nikaenda dukani kwa Papa Maara. Nimeshika simu, kidole kiko hewani, sijui namba yako. Miaka yote nabonyeza picha yako tu. Namba ninayoijua kichwani ni ya ofisi. Nikapiga, akapokea Raewyn wa mapokezi. "Pumzika, kaka," akaniambia, "mkeo keshapiga, katukataza tusikupe habari za kazi hata tone." Nikamwambia basi nipe namba ya mke wangu. Akasema hairuhusiwi kutoa namba za jamaa wa wafanyakazi, ndiyo kanuni ya kampuni. Kanuni hiyo niliiandika mimi mwenyewe.

Mama anaijua namba yako. Nikimuuliza anasema uzee umempiga, kasahau. Bibi huyu anayekumbuka nani aliiba nguruwe wa nani kabla sijazaliwa! Tena ametangaza kijiji kizima: atakayemwazima mwanangu simu asije tena kwangu kuomba magimbi. Sasa nikipita watu wanaficha simu zao kama nimekuja kuiba.

Binamu Nooroa anaruka kesho kwenda Rarotonga, kisha huko kwenu Auckland. Nampa hii. Mpe simu arudi nayo. Tafadhali, usinitanie.

Mumeo,
Ngametua

*

Otara
Jumatatu, 10 Juni

Baba Tepaeru,

Nooroa kafika, kala, kacheka, kalala. Anarudi na barua hii na dawa ya goti ya mama mkwe. Simu hajapewa.

Ninayo mimi. Nimeizima, nimeizungushia taulo, iko juu ya kabati. Niliichomoa begini ukiwa bafuni unaimba. Biskuti niliziweka kwa sababu uzito wake unafanana.

Malori yanatembea. Nimeyaona mwenyewe barabarani, yana magurudumu na yanakwenda. Semisi naye ana ndevu, si mtoto.

Sasa utani basi. Tulipomzika baba yangu, wanaume wa ukoo walivua makoti wakafukia kaburi wenyewe, kama ilivyo ada yetu. Wewe ulikabidhiwa koleo kwa heshima, mkwe mkubwa. Ukalishika kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa sikioni, unamwelekeza dereva apite geti lipi. Kaka zangu walikuangalia wewe, kisha wakaniangalia mimi. Mama yangu alijifanya hajaona. Mimi niliona, Ngametua, na iliniuma kuliko kifo chenyewe. Sijakwambia mpaka leo kwa sababu kila nilipotaka kukwambia, simu ilikuwa inalia.

Kwa hiyo nakwambia kwa maandishi, usije ukasema hukusikia. Nimechoka kuwa mke mwenza wa simu. Ukirudi vile vile ulivyoondoka, nachukua watoto nahamia kwa dada yangu Porirua. Sikutishi. Nimeshamuuliza, kasema chumba kipo.

Una likizo ya wiki nne na una mama mmoja. Kaa naye. Lala usingizi. Ukishindwa hata hilo, tujue moja.

Mwanao Rongo anakusalimu, kang'oka jino la mbele.

Tereapii

*

Areora, Atiu
Ijumaa, 14 Juni

Mama Tepaeru,

Barua yako nimeisoma zaidi ya nilivyotaka. Hayo ya kaburini sikujua kama yalikuingia hivyo. Nilitaka kuandika kwamba nilidhani hakuna aliyeona, nikafuta, maana ni uongo. Sikuwaza hata kama kuna watu pale.

Lakini usidhani nimetulia. Mkono wangu umepata wazimu. Nikikaa tu unakwenda wenyewe pajani kutafuta. Paja linatetemeka na hakuna kitu. Juzi nilisimama katikati ya sala ya chakula nikidhani imelia, kumbe ni jogoo. Nimetembea mpaka uwanja wa ndege na kurudi, ukiniuliza nilifuata nini sijui. Nikilala nayapanga malori kichwani, nikimaliza nayapangua.

Mama kaniangalia kasema, "Mwanangu, una minyoo?" Akanipeleka bondeni kwenye magimbi. Huko ni matope mpaka mapajani, na binamu Taoro na wenzake wanapanda wanavyojisikia: huyu anapanda, yule anaimba, yule kalala kabisa. Nikashindwa kuvumilia. Nikawagawa makundi, nikawapangia zamu, nani aanze, nani apumzike na kwa muda gani. Walinisikiliza kwa adabu sana. Kisha Taoro akauliza, "Bosi, na zamu yako ya kunyamaza ni saa ngapi?" Walicheka mpaka mmoja akaanguka matopeni. Sasa kijiji kizima kinaniita Bosi Zamu, hata watoto wa shule.

Jioni wakanichukua kwenye tumunu, kile kikao cha wanaume msituni, ambapo pombe ya machungwa huchotwa kwa kifuu kimoja kikazunguka watu wote. Hata wao simu wanaziacha nje kwenye kikapu. Mgeni lazima asimame ajieleze. Nikasimama nikasema mimi ni msimamizi wa malori ya vyakula vya baridi, kanda ya kaskazini. Papa Kau, mwenye kuchota, akasema, "Hatukuuliza nani kakuajiri." Nikasema mimi ni mtoto wa Mama Tutai. Wakasema hilo tunalijua, tulikuosha matako, endelea. Tereapii, sikuwa na la kuendelea nalo! Nimesimama pale mtu mzima, natoka jasho. Mwisho nikasema mimi ni mume wa Tereapii wa Mangaia, nimefukuzwa kwangu kwa pakiti ya biskuti. Hapo ndipo wakanipa kifuu.

Na jambo jingine. Mama sikio lake la kushoto halisikii kabisa. Wewe ulijua? Nimegundua barazani. Nikikaa kushoto kwake ananijibu "ndiyo, mwanangu" kwa kila kitu, hata nikimuuliza kama nyumba inaungua. Simu huishikia sikio hilo hilo, kwa kuwa mkono wa kulia unakoroga sufuria. Miaka yote hii nilidhani ananikubalia. Yeye hasikii, mimi sisikilizi, na kila Jumapili tunaagana kwa furaha. Nililia kidogo, nikiwa peke yangu nyuma ya banda.

Tangu juzi nakaa kulia kwake. Ana hadithi za baba yangu ambazo sijawahi kuzisikia, nyingine si za kuandika kwenye barua.

Nakuomba kitu kimoja, na si simu. Murray akileta habari za ule ukuu wa usafirishaji, niambie. Siwezi kujifanya siutaki.

Ngametua

*

Otara
Jumanne, 18 Juni

Ngametua,

Naandika mbio mbio, Nesi Teremoana anasafiri huko na anapita kuchukua barua sasa hivi.

Niliiwasha. Usiulize lini. Haya, wiki iliyopita, kabla hata hujaniomba. Nilitaka tu kuona, kisha niizime. Meseji zikamiminika. Katikati nikaona dereva kakwama getini Hamilton, samaki wanayeyuka, namba ya geti hana. Nikaitafuta kwenye meseji zako za zamani nikamtumia. Akaandika: Asante bosi, umeniokoa. Sasa mimi, lini mtu kaniambia nimemwokoa? Hapa nyumbani napika, nafua, napeleka, narudisha, na asante naisikia Krismasi.

Subiri, imelia.

Nimerudi. Nilikuwa nasema nini? Basi nikamjibu na wa pili, na wa tatu, kwa jina lako. Si kazi ngumu, mnajikuza tu. Raewyn peke yake ndiye kashtuka, nimemwomba anyamaze. Murray kakusifu, kasema likizo imekufaa, siku hizi unajibu kwa adabu.

Sasa jambo lenyewe. Ukuu wa usafirishaji mmebaki wawili, wewe na Semisi. Murray anataka kukuhoji kwa simu Jumatatu saa tatu asubuhi, mbele ya wakubwa. Nimeshamjibu ndiyo, utampigia. Simama dukani kwa Papa Maara mapema, piga ofisini, Raewyn atakuunganisha. Usivae huzuni ya kisiwani, ongea kama mtu anayeitaka kazi. Mshahara nimeuona, Baba Tepaeru. Lile paa tungelitengeneza lote, si kuweka ndoo. Nimekwisha kuliona akilini, paa jekundu.

Mama mkwe nimemwandikia kikaratasi, akuruhusu siku hiyo moja.

Yale ya Porirua tuyaache kwanza.

Imelia tena, ngoja

Tereapii

*

Jumanne

Baba,

Hii barua nimeiweka ndani ya soksi za Bibi alizochukua Nesi Teremoana. Usimwambie Mama.

Mama amekuwa wewe. Anaongea na sisi huku anaangalia chini. Jana kasema "naam, dereva" akamwambia Rongo. Rongo alifurahi, sasa anataka aitwe Dereva. Wali umeungua mara nyingi. Mama akisikia mlio anaacha chochote anachofanya, hata kama nusu ya kichwa changu kimeshasukwa. Nilikwenda shule na nusu.

Alhamisi hakuja kunichukua netiboli. Kulikuwa na mvua. Nilisubiri mpaka mwalimu wa zamu akataka kuondoka, nikamdanganya kwamba gari letu lile pale linakuja. Nikatembea mwenyewe, nikavuka lile daraja la barabara kuu ambalo mmetukataza. Malori yalikuwa yanapita chini na daraja linatikisika. Nilifika Mama yuko jikoni anaandika kwenye simu yako. Akasema "umeshakula?" bila kuniangalia. Mimi nilikuwa nachuruzika maji sakafuni.

Sikumwambia kitu. Nilipanguza maji.

Wewe ulipokuwa hivyo tulikuwa na Mama. Sasa sijui.

Tepaeru

*

Areora, Atiu
Jumapili, 23 Juni

Tereapii,

Kaa chini kwanza. Kazi imekwenda. Sikia ilivyokwenda, kisha ukasirike.

Nesi kafika jana. Barua yako nimeisoma nimesimama pale pale uwanjani, nikaruka kama ndama. Wawili tu, mimi na Semisi! Nikamwahidisha Papa Maara anifungulie duka Jumatatu asubuhi na mapema. Mama kikaratasi chako kakisoma, kaguna, kasema siku moja haiui. Nakwambia ukweli, utulivu wote niliokuwa nimeanza kuupata ulipeperuka saa ile ile. Nilikuwa kitandani najibu maswali ya Murray kwa sauti, mpaka mama akagonga ukuta.

Kulikuwa na barua nyingine, ya mtu mwingine, inayosimulia Alhamisi ya mvua. Usimtafute aliyeandika wala usimkaripie, hana kosa. Niliisoma, nikaikunja nikajiambia nitaifikiria baada ya Jumatatu. Ndivyo nilivyo, Tereapii. Mwanangu kavuka lile daraja peke yake kwenye mvua na mimi nikampanga kwenye foleni.

Leo nimekaa kanisani kulia kwa mama. Mchungaji kawaombea wagonjwa, kaiombea mvua, kisha kama kawaida yake kawaombea ndugu zetu walio New Zealand, "ambao sasa hivi, ee Bwana, wameshaamkia Jumatatu na wako makazini." Ewe mtoto wa Mangaia, wa visiwa hivi hivi! Umesahau? Na mimi niliyezaliwa hapa, nimesahau! Jumatatu ya Otara ni Jumapili yetu, siku huanzia kwenu ndipo ije huku. Tumekaa huko mpaka hata siku za kwetu zimetupotea. Nikatazama saa ya ukutani, inakaribia saa tano. Kwenu saa tatu.

Nilikimbia. Sikufichi. Nimeruka magoti ya akina mama na kofia zao nyeupe, nimevuka barabara, nimeupiga mlango wa duka mateke. Papa Maara mwenyewe yumo kanisani anaimba sauti nzito, madirisha yako wazi, kijiji kizima kinaimba huku kinanitazama navunja duka la mtu siku ya Bwana. Nikamwona mama anakuja, kofia imekwenda upande, anachechemea na goti lake. Nikajua leo nachapwa. Akanyoosha mkono, ufunguo huo hapo. Kaufuata mfukoni mwa Papa Maara wimbo ukiendelea. Akasema, "Piga, mwanangu. Umekaa nami wiki hizi na macho yako yako mlangoni. Piga uishe." Akageuka akarudi zake.

Nikapiga. Raewyn akaniunganisha, Murray akapokea kwa uchangamfu, nikasikia na wakubwa wanakohoa. Akasema kabla ya yote lazima nijue kwamba kazi hii haina likizo kama hizi, ni usiku na mchana, sikukuu na siku za kawaida, simu ikilia unapokea. Kisha akacheka. Akawaambia wenzake, "Huyu sina haja ya kumuuliza hilo. Mimi nilimpigia akiwa makaburini anamzika mkwewe, na alipokea."

Wakacheka wote. Kumbe ni Murray aliyepiga siku ile, ndiye aliyeniunganisha na yule dereva! Mimi nilishasahau ni nani. Alikuwa ananisifu, Tereapii. Ndiyo sifa kubwa niliyowahi kupewa pale kazini, na nikaona haya mpaka masikio yakawaka. Nikamfikiria mtoto juu ya daraja. Nikawaza, nikipokea hii tutakuwa wawili, mimi na wewe, kila mmoja na yake sikioni, na watoto wataenda kwa nani?

Nikasema, "Murray, huku bado Jumapili."

"Nini?"

"Huku bado ni Jumapili. Nimemwacha mama yangu kanisani."

Akasema basi, nipige Jumatatu yangu. Nikamwambia Jumatatu yangu ni Jumanne yake. Akasema haiwezekani, wanaamua leo. Nikasema basi amueni, nawatakia kheri, Semisi ni kijana mzuri. Nikakata.

Usidhani nilijiona shujaa. Nilikaa juu ya gunia la mchele. Niliinua tena simu, nikairudisha. Nikainua tena. Ingekuwa Raewyn amepiga kuniuliza kama laini imekatika, ningesema ndiyo imekatika, na sasa hivi ningekuwa mkuu wa usafirishaji. Hakupiga. Nikafunga duka nikarudi kanisani. Nilitegemea mama aniambie neno. Akasema, "Sogea, umekalia kofia yangu."

Tumekula kuku na magimbi. Mama kaniuliza kama mke wangu atakasirika. Nikamwambia sana.

Narudi kwa ndege ya Jumatano ijayo, si hii. Paa nitalipanda mwenyewe na misumari, sijui kama nitaweza. Kama Porirua bado ipo, niandikie sasa, nisije nikafungua mlango nikakuta nyumba tupu.

Ngametua

*

Otara
Alhamisi, 27 Juni

Ngametua,

Nilikuwa na hasira tangu Murray alipoandika. Barua yako ilipofika ndiyo nikazidi. Nilimpigia mama yako nikafoka, karudishia waya siku hizi. Kwa kila nililofoka akajibu "ndiyo, mwanangu," nikajua kashikia sikio la kushoto kwa makusudi.

Nilikutukana na wewe pia, ukutani. Mwanaume gani anasema "huku bado Jumapili" mbele ya wakubwa? Nililia kwa ajili ya paa. Nilikuwa nimeshalichagulia rangi, mjinga mimi.

Kazi kapewa Semisi. Jana mkewe, Lupe, kanipigia kwenye simu yangu. Nikadhani anataka kuringa. Analia. Anasema tangu Jumatatu Semisi haongei naye, anaongea na kiganja, na mtoto mchanga kaanguka kitandani baba yake akiwa amekaa pembeni. Hakuumia. Akaniuliza, "Dada, wewe ulivumilia vipi miaka yote?" Nilitaka kumpa hekima, mimi si ndiye mkubwa. Nikakosa. Nikamwambia ukweli kwamba sikuvumilia, nilikasirika tu, halafu ilinichukua wiki moja na hiyo simu kuwa mbaya kuliko mume wangu. Nadhani kaniona mwendawazimu.

Basi sina tena cha kukulaumu nacho, na hilo linaniuma, maana lawama yangu ilikuwa inanipa nguvu za kuamka.

Tepaeru sikumuuliza. Nilijua ni yeye, nani mwingine? Nilimwambia tu kwamba Alhamisi ile nilimkosea, asinifiche tena. Akasema, "Sawa, Mama." Ile sawa, Ngametua, ndiyo ile ile niliyokuwa nakupa wewe. Haina kitu ndani. Mtoto wa miaka kumi na mmoja keshajifunza. Nimekaa naye nimemsuka kichwa kizima, hatukuongea sana. Alipokaribia kulala kaniambia daraja lilikuwa linatikisika. Nikamwambia niambie yote, tangu mwanzo. Kaniambia.

Simu nimempelekea Raewyn, ni mali yao. Kazi yako ya zamani ipo. Nimewaambia hiyo simu ilale huko huko kazini, ukimaliza zamu uiache. Murray kasema ataangalia. Nikamwambia aangalie vizuri. Tangu nimeirudisha mimi ndiye sikai, nazunguka nyumba, nafungua friji naangalia maziwa nafunga. Mama yako aliponisikia kasema nina minyoo.

Porirua siendi. Lakini usije ukidhani unarudi kwenye sherehe. Nina hasira ya paa. Nina hasira ya baba yangu, ile ya siku nyingi, haijaisha kwa kuandika barua moja. Na nina hasira ya mimi mwenyewe ambayo sijui niipeleke wapi. Zote nimekuwekea, sijampa mtu. Njoo tugombane, mume wangu, uso kwa uso, mpaka tumalize, na mtu yeyote asitukatize.

Mkeo,
Tereapii